Feni ya Chumba cha Chini

Mjusi alikutwa Jumanne asubuhi, amelala chali kwenye sakafu ya shimo lililo chini ya mashine. Hakuwa amekanyagwa, wala hakuwa na jeraha. Fundi aliyemkuta alimwokota kwa mkia, akamgeuza huku na huku chini ya taa, kisha akamnusa. Kunusa kulikuwa desturi yake. Kwa miaka thelathini na miwili kila alichokishika kilipita kwanza puani. Hakusikia harufu yoyote. Akamtupa kwenye pipa la taka, akanawa mikono, akapanda ngazi kwenda kunywa chai.

"Mjusi gani anakufa bila sababu?" mkewe alimwuliza jioni alipomsimulia.

"Mjusi mzee."

"Mjusi mzee ulimwona wapi wewe? Mijusi hawazeeki, wanaliwa na paka."

"Basi huyu alikuwa na bahati."

Wakacheka wote wawili, na maneno yakaishia hapo.

Kazini walimwita Barafu. Nyumbani alikuwa Baba Pacha, kwa ajili ya mabinti zake wawili waliozaliwa siku moja na ambao mpaka wanafika kidato cha pili bado aliwachanganya wakiwa wamempa mgongo. Hakusoma sana, Mungu amrehemu. Aliishia darasa la saba, akaenda kujifunza kazi kwenye kiwanda cha barafu ambako mitambo ilipozwa kwa amonia. Amonia ni kali. Ikivuja kidogo tu, macho hutoka machozi, koo hujifunga, na mtu hukimbia kabla hajaambiwa akimbie. Fundi mkuu wa kiwanda kile, mzee mwenye kovu shavuni, alikuwa akiwaambia wanagenzi wake kila Jumatatu, kana kwamba Jumapili walikuwa wamesahau: "Pua yako ndiyo bosi wako. Ikisema toka, toka. Ikinyamaza, piga kazi." Mara mbili somo hilo lilimwokoa Barafu. Mara ya pili alitoka nje akitambaa, na nyuma yake wakabaki watu watatu: mmoja aliyeangukia ndani, na wawili waliorudi kumchukua.

Alilipenda lile somo kama mtu anavyompenda aliyemvuta mtoni asizame.

Kiwanda kilipofungwa alitengeneza majokofu ya watu: ya bucha, ya zahanati, ya vyumba vya maiti. Akapata sifa ya kwamba hakuna kitu cha kupoza kilichomshinda. Ndipo siku moja chuo kikuu kikamwita. Profesa wa fizikia, mtu mfupi mwenye mwendo wa haraka, alimpeleka chini ya jengo kwenye chumba kisicho na dirisha, akamwonyesha mtungi wa chuma mrefu kuliko mtu, umening'inizwa kwa minyororo juu ya shimo lenye kina cha kifua.

"Hili nalo ni jokofu," Profesa akasema.

"Linapoza nini?"

"Kipande kidogo kuliko punje ya dengu."

"Hili lote?"

"Hili lote."

"Linafika baridi kiasi gani?"

"Karibu na mwisho wa baridi."

Barafu akamtazama kuona kama anataniwa. "Kwani baridi ina mwisho?"

"Ina mwisho, fundi. Joto ndilo halina."

Jibu hilo alikwenda nalo nyumbani kama mtu aliyebeba kitoweo. Alimwambia mkewe, akawaambia pacha, akamwambia na jirani aliyekuja kuazima nyundo. Kesho yake akaanza kazi, akaifanya kwa miaka sita.

Chumba kile kilikuwa na mlango wa chuma wenye kioo kidogo usawa wa macho. Ukutani, karibu na sakafu, palikuwa na feni kubwa ya kutoa hewa, na swichi yake ilikuwa nje kwenye korido. Feni iliwekwa kwa sababu ya naitrojeni. Kwenye mashine kuna chombo wanachokiita mtego, kazi yake kunasa uchafu ulio katika gesi inayozunguka ndani, na mtego huo lazima ujazwe naitrojeni ya maji kila baada ya saa sita. Ukipungua, uchafu ulionaswa huachiliwa, njia huziba, mashine hupata joto, na kazi ya miezi mitatu hupotea kwa mchana mmoja. Ile naitrojeni nayo, ikishamiminwa, huchemka na kugeuka hewa. Ni hewa baridi, nzito, inayotambaa chini na kutafuta mahali pa kutulia. Na mahali palipokuwepo ni lile shimo.

Ghorofa ya juu yake palikuwa na chumba cha vipimo. Humo alikaa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, msichana mrefu mwenye miwani, aliyekesha na kushinda mbele ya skrini akingoja mistari. Barafu alimbatiza jina siku ya pili tu.

"Shikamoo, Baba Pacha."

"Marahaba, Mistari. Leo imeamka?"

"Bado imelala."

"Ipigie kelele. Wangu nyumbani bila kelele hawaamki."

Alikuwa msichana mwenye subira, na ndiye aliyemweleza wanachotafuta. Alichukua vikombe viwili vya chai akaviweka mezani.

"Zungusha hiki kimzunguke mwenzake mpaka kirudi kilipokuwa. Kuna kilichobadilika?"

"Hakuna. Chai inapoa tu."

"Basi chembe zote za kawaida ziko hivyo. Ukizungusha moja kuzunguka nyingine, ikirudi ni kama haikutoka. Lakini ndani ya kile kipande chetu, kwenye ile baridi na ile sumaku kubwa iliyo ndani ya mtungi, elektroni zinabanwa zinakaa pamoja, halafu zinazaa vijichembe vingine. Kila kimoja kina theluthi ya umeme wa elektroni moja. Hivyo, Baba, vikizungukana havirudi kama vilivyotoka. Kila mzunguko unaacha alama."

"Alama utaionaje, na kijichembe chenyewe hukioni?"

"Kwa mistari. Tunaugawanya umeme upite njia mbili pande zote za kisiwa kidogo ndani ya kipande, halafu njia zinakutana. Zikikutana, mawimbi yake ama yanasaidiana ama yanauana, na mimi hapa napata mistari, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi. Kijichembe kimoja kikiingia kisiwani, mistari yote inaruka pembeni kwa theluthi. Huo mruko ndio tunautafuta. Ni wachache sana duniani waliouona."

Barafu alifikiri kidogo. "Kwa hiyo ni kama mwizi aliyezunguka nyumba. Asubuhi kila kitu kipo mahali pake, lakini mbwa anajua."

Mistari alicheka mpaka akavua miwani. "Hiyo nitaiandika kwenye tasnifu yangu."

Alipoisimulia nyumbani, mkewe hakucheka. Alikuwa mshonaji, alishona mapazia na sare za shule sebuleni kwao, na alikuwa mtu wa ibada asiyekosa. Aliusimamisha mguu juu ya cherehani. "Kwamba kila mzunguko unaandikwa, hilo tumefundishwa tangu wadogo," akasema. "Wao wamelijua leo?"

Kwa miezi minane mistari haikuamka. Ilikuja kama moshi, imefifia, imevurugika, huwezi kusema huu umeanzia wapi na ule umeishia wapi. Profesa alibadilisha nyaya. Akabadilisha kipande. Wakaja madaktari wawili wa fizikia kutoka chuo kingine wakakaa wiki nzima na makompyuta yao, wakaondoka na mafua. Barafu aliendelea kujaza mtego. Alhamisi moja alishuka peke yake, akaweka kiganja juu ya bomba, akafumba macho. Kisha akashika waya mmoja kwa vidole viwili, kama daktari anayeshika mkono wa mgonjwa. Akatoka nje, akaizima feni, akapaza sauti kwenye ngazi:

"Mistari! Tazama sasa!"

Kelele iliyotoka juu iliwafanya watu wa ofisi nyingine wafungue milango. Mistari ilikuwa imesimama kama meno ya kitana. Feni ilikuwa inatetemesha bomba, bomba linatetemesha waya, na waya ulio ndani ya sumaku ukitetemeka huharibu kila kitu. Profesa alishuka ngazi mbilimbili, akamkumbatia Barafu pamoja na ovaroli lake lenye grisi.

"Madaktari wawili na profesa mmoja, miezi minane, na mwizi amekamatwa na fundi wa majokofu! Jina lako litakuwa kwenye makala yetu. Naapa. Chini ya ukurasa, kwenye shukrani, jina kamili."

Hiyo ndiyo siku aliyofurahi kuliko zote tangu pacha wazaliwe. Na mauti yake yaliingia kwa mlango huo huo.

Kwani tangu siku hiyo feni ilizimwa kila kipimo kilipoanza. Palikuwa pia na king'ora kidogo ukutani ndani ya chumba, cha kulia oksijeni ikipungua, na ikaonekana kwamba kila baada ya sekunde thelathini nacho kilipenyeza mshtuko mdogo kwenye mistari. Profesa akasema kihamishiwe koridoni, kwa muda. Neno "kwa muda" huishi miaka mingi kuliko aliyelisema. Profesa hakuwa mtu mbaya, na ni dhambi kumsingizia. Aliandika kwa mkono wake na kubandika mlangoni: FENI IKIZIMWA HAKUNA KUINGIA. Vipimo vilikuwa vya saa nne, na mtego ulidumu saa sita, kwa hiyo sheria haikumgusa mtu.

Kisha vipimo vikawa vya saa tano. Kisha sita. Kisha Mistari akasema mruko hautaonekana bila saa kumi mfululizo.

Mara ya kwanza Barafu alipoingia feni ikiwa imezimwa, alivuta pumzi moja mlangoni, akaingia, akajaza mtego, akatoka uso umevimba. Dakika moja na nusu. Akapanda ngazi akitabasamu. "Nimekwenda nikarudi. Imekatika?"

"Haijakatika," Mistari akasema, macho kwenye skrini. "Baba, lakini sheria..."

"Sheria ni ya watu wasiojua kubana pumzi."

Profesa alipopata habari aliuliza, "Mistari haikutikisika?" Akaambiwa haikutikisika. Akasema, "Usirudie, fundi." Lakini alilisema kama mtu anayemkataza mtoto sukari huku amegeukia dirishani.

Akarudia. Mara ya tano hakubana tena pumzi tangu mlangoni, alianza kubana karibu na mashine. Mara ya kumi alipumua tu kama kawaida, kwa sababu alinusa na pua ikanyamaza. Mistari alikuwa amemwambia waziwazi, siku moja wakila maandazi kwenye ngazi.

"Baba, naitrojeni siyo sumu. Ndiyo nyingi kwenye hewa hii hii tunayovuta. Ila ikijaa inaifukuza oksijeni."

"Inanuka?"

"Hainuki."

"Inawasha?"

"Wala. Mapafu hayashtuki. Pumzi mbili, mtu anaanguka na hajui kama anaanguka."

Barafu alitikisa kichwa kwa heshima, maana aliwaheshimu waliosoma. Alisikia kwa masikio yote mawili. Lakini bosi wake alikuwa pua, na bosi yule hakuwa amesema kitu.

Mwezi ule ndipo alipokutwa yule mjusi. Baada ya mjusi, mende sita, wamejipanga pembeni mwa shimo kama walikuwa njiani kutoka. Baada ya mende, kichwa kilianza kumgonga Barafu kila jioni, hapa juu ya macho, na mkewe akawa anamkanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Siku moja alipotoka mle ndani magoti yalimwisha nguvu kwenye ngazi ya tatu, akaketi. Alijiona amekaa, akashangaa ni nani aliyemkalisha. Siku hiyo ndipo alipomwita Mistari.

"Sikiliza. Siku ukinikuta nimelala humo, usinifuate."

"Baba, usiseme hivyo."

"Nasema. Kiwandani niliona wenzangu watatu wakitolewa. Mmoja aliuawa na gesi, wawili waliuawa na huruma. Washa feni, ita watu, hesabu mpaka mia tatu, ndipo ufungue mlango. Niapie."

"Kama unajua hivyo, kwa nini unaingia?"

"Niapie kwanza."

Akaapa.

Nyumbani mkewe naye alikuwa akiunganisha vipande, ndiyo kazi yake. Usingizi ulikuwa umeanza kumkimbia. Alikuwa akiamka na kusikiliza kama mumewe anapumua, na akimsikia anapumua, haridhiki. Jumapili moja, wametoka ibadani, aliweka sahani mezani akabaki amesimama.

"Baba Pacha, ile feni kazi yake nini?"

"Kutoa hewa."

"Na mnaizima."

"Kwa muda."

"Na wewe unaingia."

"Dakika mbili tu, mama."

"Mimi sikusoma mambo ya vijichembe. Lakini feni iliwekwa na mtu mwenye akili, na imezimwa na watu wenye haraka. Nipe neno lako."

"Neno gani tena? Chakula kinapoa."

"Kipoe. Nipe neno mbele ya Mungu kwamba hutaingia mle feni ikiwa imezimwa."

Pacha waliacha kutafuna. Barafu aliwatazama, akamtazama mkewe, akaona hapa hapatoki mzaha. Akainua mkono. "Mbele ya Mungu, sitaingia." Akala. Mkewe alilala usingizi mzito usiku huo, wa kwanza kwa majuma matatu.

Neno hilo alilishika siku kumi na moja. Mtego ulipopungua aliwasha feni, akangoja robo saa, akaingia. Mistari iliharibika kila mara, ikachukua saa mbili kutulia, na kipimo kikaanza upya. Mara nne kilianza upya. Profesa hakumlaumu, lakini aliacha kushuka kumsalimia. Mistari alianza kula akiwa amesimama. Barua ilikuwa imefika kwamba watu wa nchi nyingine wanakaribia kupata mruko uleule, na kipande cha hapa chuoni kilikuwa kinachoka, kila kikipozwa upya kinakuwa na kasoro zaidi. Barafu aliyaona hayo yote. Alianza kuota mistari, na ndotoni ilikuwa imevurugika, na kila aliyeitazama alimgeukia yeye.

Alhamisi ya wiki ya pili kipimo kilianza alfajiri. Saa tatu na nusu asubuhi mistari iliruka. Mara moja, kwa theluthi kamili. Mistari alishika meza kwa mikono miwili.

"Mmoja si ushahidi," akasema kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kumwamsha mtu. "Mmoja unaweza kuwa bahati. Nataka miwili mitatu."

"Itakuja," Barafu akasema nyuma yake.

Profesa alikuwa kwenye mkutano jengo la ng'ambo. Saa nne kamili sindano ya geji ya mgandamizo mezani ilianza kupanda. Mtego ulikuwa umepungua kabla ya saa yake. Wote wawili waliiona.

"Baba, washa feni."

"Nikiwasha, imekwisha."

"Tutaanza upya."

"Kipande kile hakina upya mwingine, na wewe ndiye uliyeniambia."

Mistari hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye skrini, na baadaye alikiri kwa wenye msiba, bila kuulizwa na mtu, kwamba alimwambia awashe lakini hakumwambia kwa nguvu.

"Dakika mbili," Barafu akasema. "Pumzi moja."

Alisimama kidogo mlangoni. Huenda alikuwa anaomba. Huenda alikuwa anatafuta namna ya kulipita lile neno alilotoa, kama mtu anavyopita pembeni ya dimbwi. Hilo analijua Mungu. Kisha nyayo zake zikasikika ngazini, wala hazikuwa za mtu mwenye mashaka.

Kilichotokea humo ndani kinajulikana kwa vitu vilivyokutwa. Mtego ulikutwa umejaa mpaka shingoni, kwa hiyo kazi aliyoingilia aliimaliza. Lakini mpira wa kumiminia ulikuwa umechomoka mdomoni mwa mtego, ukaangukia shimoni ukiwa bado unatoa, na ncha yake ya chuma ikawa inayumba karibu na kitako cha mashine. Ingegonga, ingeharibu mistari kuliko feni. Fundi mwingine angekimbia. Yeye alishuka ngazi nne za lile shimo, akaukamata mpira, akaizungusha koki yake mpaka ikafunga. Mpira ulikuwa mkononi mwake, umefungwa barabara. Inaonekana alikuwa ameanza kupanda, kwa kuwa mkono wa pili ulikuwa juu ya ukingo wa shimo.

Juu, mistari iliruka mara ya pili. Theluthi kamili. Mistari alikandamiza mdomo kwa kiganja. Ikatulia, nyeupe, nyeusi, safi kuliko ilivyowahi kuwa. Ikaruka mara ya tatu.

"Baba!" akapiga kelele. "Baba Pacha, njoo uone! Njoo!"

Hakuna aliyejibu. Alitazama saa, akakumbuka ni dakika mbili alizoambiwa, na zilikuwa zimepita nane.

Alipofika koridoni alichungulia kwenye kioo. Ukungu mweupe ulikuwa umetanda sakafuni, umetulia kama maziwa kwenye sufuria, na katikati yake, ukingoni mwa shimo, aliona vidole. Aligonga swichi ya feni kwa ngumi. Alipiga kelele za kuita watu. Kisha mkono wake ukashika komeo la mlango, na hapo ndipo alipokumbuka alichoapa, akaanza kuhesabu. Alihesabu kwa sauti, akilia, kipaji cha uso kwenye kioo, akiviangalia vile vidole. Juu ya kichwa chake kile king'ora kilichohamishwa kilikuwa kimya, taa yake ya kijani inawaka, ikishuhudia kwamba hewa ya korido ni salama. Walinzi wawili waliofika mbio walitaka kufungua mlango akawazuia kwa mwili wake, na mmoja akampiga kofi. Alikuwa amefika mia moja na tisini. Hakuacha.

Walipomtoa alikuwa bado na joto, uso wake umetulia kabisa. Waliomwosha walisema wamezika wazee waliokufa kitandani mwao ambao hawakuwa na utulivu ule.

Siku ya nne baada ya maziko Mistari alikuja nyumbani. Alikaa kwenye mkeka pembeni ya mlango, mahali pa wageni wasiojulikana, mpaka mjane alipomwita akae karibu. Alikuwa na karatasi ndefu iliyokunjwa ndani ya bahasha.

"Mama, nilisimama mlangoni," akasema. "Nilikuwa na mkono kwenye komeo. Sikuingia."

"Nimeambiwa."

"Labda ningeingia..."

"Ungeingia, mwanangu, tungechimba makaburi mawili, na mama yako angekuwa amekaa kama nilivyokaa mimi. Alikuambia usiingie?"

"Aliniapisha."

"Basi wewe ulishika neno lako." Waliokuwepo waliona analimeza lile lililobaki, lile la mtu ambaye hakulishika la kwake. "Hiyo ni nini?"

Mistari aliikunjua karatasi juu ya mkeka. Ilikuwa na mistari myembamba iliyosimama bega kwa bega, na chini yake saa zilizoandikwa kwa tarakimu ndogo.

"Nionyeshe alipoingia."

"Hapa. Saa nne na dakika kumi."

"Na hapa, palipovurugika?"

"Hapo niliwasha feni. Dakika kumi na tisa."

Mjane aliinama. Alikuwa na jicho la mshonaji, hakuhitaji rula. Kati ya alama hizo mbili palikuwa na upana wa kidole kimoja, na humo mistari ilikuwa safi pasipo doa, nayo ilikuwa imeruka mara mbili.

"Na huku kuruka ndiko mlikokuwa mnakutafuta."

"Ndiyo, mama. Profesa anasema hakuna kipimo safi kama hiki popote. Kitachapishwa. Jina la Baba litakuwepo, jina kamili, kama alivyoahidiwa."

"Ilipokuwa inaruka ya kwanza, alikuwa hai?"

 Mistari angeweza kusema lolote, maana hakukuwa na wa kumbishia. "Sijui, mama. Sijui kabisa."

"Hukunidanganya. Mungu akulipe." Mjane aliikunja karatasi polepole, kwa mikunjo ileile iliyokuwa nayo, akaisukuma kwenye mkeka mpaka ikagusa goti la msichana. "Mwambie Profesa jina nimelikubali. Liandikeni. Na chini ya jina muandike kwamba feni ilikuwa imezimwa."

"Mama, kwenye shukrani huwa hawaandiki..."

"Kwenye shukrani, kwenye kichwa, popote mnapoandika namna mlivyofanya. Hamwandiki namna mlivyofanya?"

"Tunaandika."

"Mnaandika baridi kiasi gani, sumaku kiasi gani?"

"Tunaandika, mama."

"Basi muandike na hilo. Kuna mtu nchi nyingine ataisoma karatasi hii, ataipenda hii mistari, atataka ya kwake iwe safi hivi. Ajue ilisafishwa na nini."

Msichana alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga aliyojitanda. Nje mmoja wa pacha alikuwa anateka maji, na ndoo ilisikika ikijaa.

"Wakikataa?" akauliza.

"Wewe umekataa kufungua mlango, mlinzi akikupiga kofi," mjane akasema. "Utashindwa na kalamu?"

Mistari aliitia karatasi ndani ya bahasha. "Nitaandika," akasema. Mjane akaitikia kwa kichwa, akaita jikoni mgeni aletewe chakula.